Sahani Iliyorudi na Noti: kisa cha mkunga mgeni katika kijiji cha mwambao wa Tanganyika

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki ni cha kijiji kimoja cha wavuvi mkoani Kigoma, kusini mwa Ujiji. Majina ya watu, ya kijiji na ya vitongoji yameondolewa, na mambo mawili matatu ambayo yangemtambulisha mtu yamebadilishwa bila kugusa mwenendo wa mambo. Nimezungumza na mkunga mwenyewe, na jirani yake ambaye hapa tutamwita Bibi, na mtendaji wa kijiji, na mwenye boti. Nimekiandika kwa ajili ya wauguzi, walimu na mabwana samaki wanaopangiwa vituo vya namna hii, hasa wale ambao wamelelewa vizuri na wanaamini malezi hayo yatawatosha.

Usuli

Kijiji kimebanwa kati ya mlima na maji. Barabara haifiki. Anayeingia na anayetoka hupanda boti za abiria, na upepo wa kusini ukikaza katika miezi ya kiangazi, safari ya leo inakuwa ya kesho. Kwenye ramani hakuna kisiwa hapo, ila watu wanaishi kisiwani: duka moja lenye dawa za malaria, kisima kimoja kinachoaminika, na kila anayeshuka mwaloni, pale boti zinapofikia, anajulikana katoka boti gani na kafikia kwa nani kabla hajakausha miguu.

Mtu asidhani basi kwamba wageni ni jambo geni. Ziwa hili lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na linagusa nchi nne, na watu wa mwambao wana shangazi Kongo na wajomba Burundi. Kijijini wamo Watongwe, Waha, Wabembe na Wamanyema, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Wageni wamepokewa hapo vizazi na vizazi. Upo utaratibu wa kuwapokea, na huo utaratibu ndio kiini cha kisa hiki.

Riziki ni dagaa na migebuka. Usiku wa giza vipe, yaani vyombo vya kuvulia, hutoka na taa; mbalamwezi ikichanua, watu hukaa wakashona nyavu. Fedha nayo inafuata mwezi: inaonekana wakati wa giza, inakauka kukiwa na mwanga. Kinachoziba pengo hilo ni sahani. Leo kwangu kumepatikana, sahani inakwenda kwako. Keshokutwa kwako kumepatikana, inarudi na kitu. Hakuna anayeandika, na hakuna anayesahau.

Katika mambo hayo akaingia muuguzi mkunga, binti wa mjini, kituo chake cha kwanza, mwanzoni mwa mwaka 2024 mvua zikiwa bado zinanyesha. Zahanati ilikuwa na tabibu mmoja ambaye mara nyingi yuko safarini kwa vikao na mafunzo, mhudumu mmoja, na mlinzi.

Mambo yalivyokwenda

Alianza vizuri kuliko wengi. Aliripoti kwa mtendaji na mwenyekiti siku aliyofika, akatambulishwa kwenye mkutano wa kijiji, akavaa gauni refu na kanga, akawashikamoo wakubwa wote mpaka mlevi wa mwaloni. Aliokota na salamu za Kiha. Nilipouliza kuhusu tabia zake za mwanzo, sikupata hata mtu mmoja mwenye neno. “Ana adabu,” walisema, na walimaanisha.

Wiki ya kwanza Bibi, ambaye ua wake unapakana na nyumba ya zahanati, alimpelekea ugali wa muhogo na mgebuka uliopikwa kwa mawese. Mkunga alikula, akashukuru, akaosha sahani ikang’aa. Akaikunjia ndani noti ya shilingi 2,000 kwenye kipande cha gazeti, akampa mjukuu wa Bibi arudishe. Kwake hiyo ilikuwa heshima. Alikulia nyumba ya mwajiriwa ambako mtoto hali kwa jirani bure, na alimuona Bibi ni mtu mzima asiye na kipato. Bibi alilifungua gazeti, akaitazama noti, akaiweka kwenye mkebe wa majani ya chai. Hakusema kitu kwa mkunga. Kwa shoga zake alisema.

Siku chache baadaye mama mmoja alijifungua salama alfajiri. Kulipokucha mumewe akatoka moja kwa moja kwenye kipe, amelowa, na migebuka mitatu imetungwa kwenye kamba, akasimama barazani pa zahanati na kumnyooshea mkunga. Ilikuwa siku ya kliniki ya watoto na benchi limejaa. Mkunga alirudi nyuma hatua moja, akaonyesha kwa kidole bango la kupinga rushwa ukutani, akasema kwa upole kabisa: “Kaka, huduma ya mama mjamzito ni bure, haturuhusiwi kupokea.” Alisema kweli. Huduma kwa wajawazito na watoto chini ya miaka mitano hazilipiwi, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 haina mzaha na mtumishi wa umma. Yule bwana alibaki na samaki mkononi mbele ya wanawake wa kijiji kizima. Akageuka, akaondoka nao.

La tatu ni msiba wa mzee mmoja wa ukoo mkubwa. Mkunga alitoa rambirambi ya shilingi 10,000, kiasi kizuri kwa kijiji kile, kwenye bahasha iliyoandikwa jina lake, akaipitisha kwa mtendaji. Mwenyewe alibaki zahanati kwa sababu tabibu hakuwepo, na jioni akalala kwa uchovu. Matanga yakaisha bila yeye kukanyaga mkeka.

Baada ya hapo hakikutokea chochote, na hapa ndipo pagumu kupaona. Salamu zilibaki zilezile. Alisikia “nesi, hujambo?” kila anakopita. Ila sahani hazikuja tena. Mtoto aliyekuwa akimchotea maji akawa na shughuli. Akina mama walileta watoto kwenye chanjo, wakarudi zao. Ukurasa wa waliojifungulia zahanati ukawa na mistari mitupu, huku watoto wachanga wakiendelea kuonekana kwenye mizani. Walikuwa wakizalia kwa mkunga wa jadi, ambaye, kama msomaji ameshaanza kuhisi, ni Bibi mwenyewe. Mkunga alikuwa amepakana naye ua kwa ua miezi mitatu bila kujua, kwa sababu hakuna aliyemwambia na yeye hakuwa na mahali pa kuulizia.

Tarehe 15 Mei 2024 ziwa likafungwa. Serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wazaliane, kwa makubaliano na nchi nyingine zinazopakana na ziwa. Injini zikafunguliwa zikaingizwa ndani. Kijiji kikawa kinaishi kwa mihogo, mawese na dagaa wa akiba, na mkunga akawa miongoni mwa watu wachache wanaopokea mshahara kila mwezi. Akanunua kila kitu kwa fedha taslimu, kwa bei aliyotajiwa, bila kuomba kupunguziwa. Aliona anasaidia mzunguko wa fedha.

Usiku mmoja wa Julai aliletwa mama wa uzazi wa kwanza. Uchungu ulikaa. Kwenye chati ya kufuatilia uchungu alama zikavuka mstari wa kuchukua hatua, na hilo maana yake ni rufaa, yaani boti. Mkunga alimtuma mlinzi kwa mwenye boti na fedha ya petroli mkononi, na nyingine juu yake. Mlinzi akarudi: injini mbovu. Akamtuma kwa wa pili: hayupo, kalala ng’ambo. Saa tisa usiku mhudumu, mwanamke wa palepale, akamwambia kwa sauti ya chini, “Nesi, mwite Bibi.”

Bibi alikuja amejifunga kanga mbili. Aliingia chumba cha uzazi, akamshika mgonjwa mkono, hakugusa kingine. Akatoka, akaenda mwenyewe kugonga mlango wa mwenye boti wa kwanza. Injini ikatolewa chini ya kitanda, dumu la petroli likatoka nyumba nyingine, na haikupita nusu saa boti ikawa majini, vijana wanne wamembeba mama kwenye machela. Mama alifanyiwa upasuaji. Alirudi na mtoto wa kiume.

Maamuzi, na kwa nini

Mkunga angeweza kuandika taarifa wilayani kwamba wananchi hawatoi ushirikiano. Aliianza. Kisha akaiacha, akaenda uani kwa Bibi kuuliza. Alichojibiwa ndicho kilichonifanya niandike kisa hiki: “Mwanangu, wewe umetulipa sote. Huna cha kudaiwa hapa. Sasa tukujie kwa lipi?”

Kuanzia hapo alifanya mambo kadhaa, na mengi yalipitia kwanza kwa Bibi.

Suala la zawadi lilipelekwa kwenye kamati ya usimamizi wa zahanati, ambayo wajumbe wake ni wanakijiji. Mkunga alieleza hofu yake bila kuzunguka: kazi yake iko hatarini, na mgonjwa asiye na samaki asije akaona anachelewa kwa sababu hiyo. Wazee wakalielewa haraka kuliko alivyotegemea. Walikubaliana kwamba hakuna zawadi ya mtumishi inayovuka uzio wa zahanati, kabla wala baada ya huduma, iwe ndogo kiasi gani. Nje ya uzio, mkunga ni jirani, na sahani ya jirani ni sahani. Aliyetoka kuhudumiwa asilete mwenyewe. Akiwa na shukrani, aipeleke kwa wagonjwa waliolala na wanaowauguza, na ipikwe jikoni kwa wote. Mwenyekiti alitangaza hayo kwenye mkutano wa kijiji, hivyo ikawa katazo la kijiji. Hakuna aliyekataliwa tena usoni.

Nyumbani akaanza kurudisha sahani na kitu. Chumvi ya Uvinza, vitunguu viwili, sukari kwenye karatasi, na mara moja maandazi ambayo, kwa maelezo ya Bibi, yalikuwa magumu “ya kumpigia kenge”. Akaambiwa pia aazime. Hili lilimshinda kidogo, maana kinu na ungo vilikuwa vinauzwa dukani na fedha alikuwa nayo. Aliazima kinu cha Bibi, akakirudisha kesho yake, akakiazima tena. Kila safari ilikuwa na mazungumzo, na katika mazungumzo hayo ndimo alimojua nani ana mimba changa, nani katoka ng’ambo na hana kadi, nani anaficha kifafa cha mtoto.

Msiba uliofuata aliacha zahanati chini ya mhudumu na maagizo ya kuitwa, akaenda jioni kuosha vyombo na wanawake wenzake. Hakukaa sana. Alitoa 2,000, kama walivyotoa wengine.

Na Bibi? Mkunga hakumkemea kuhusu kuzalisha nyumbani. Alimwomba awe anawasindikiza wajawazito zahanati na kukaa nao chumbani, kazi yake ikiwa mkono, maneno na uji. Wapo watakaosema hapo alimpa mkunga wa jadi kiti ambacho mwongozo haumpi. Kwa maoni yangu alimpa kiti alichokuwa amekalia tayari, tofauti ni kwamba sasa kipo ndani ya chumba chenye taa na dawa ya kuzuia damu.

Matokeo

Kufikia mwisho wa mwaka wanawake wa vitongoji viwili vya chini walikuwa wanajifungulia zahanati kama kawaida. Kijiji kilianzisha akiba ya petroli kwa ajili ya rufaa, dumu linalokaa kwa mtendaji na kujazwa kwa michango, na mwenye boti wa kwanza ndiye mlezi wake. Sahani zilirudi.

Gharama zilikuja nazo. Watu walianza kumgongea usiku kwa homa zinazoweza kusubiri asubuhi, kwa sababu sasa ni wa nyumbani. Alikopwa, na baadhi ya madeni hayajarudi. Msimamizi aliyefika ukaguzi akakuta migebuka inaanikwa uani kwake na kutaka maelezo. Kilichomwokoa ni muhtasari wa kikao cha kamati, umeandikwa na kugongwa muhuri. Na yule bwana wa migebuka mitatu hakurudi. Mkewe alijifungulia kwao, kijiji kingine, mtoto aliyefuata.

Uchambuzi

Wengi wakisikia kisa hiki husema mkunga alikosa mila za pale. Sikubali. Mila zinazoonekana alizishika zote: salamu, mavazi, kuripoti, lugha. Semina za waajiriwa wapya hufundisha hayo, na ni vizuri. Kilichomkwamisha ni kulipa. Kila alipopewa, alifunga hesabu papo hapo: noti ndani ya sahani, bahasha kwenye msiba, bei kamili sokoni, petroli na ziada juu. Katika kijiji ambacho watu wanashikana kwa kudaiana, asiyedaiwa hana kamba ya kumvuta. Mwenye boti aliponieleza usiku ule hakuwa na hasira yoyote: “Alituma hela. Hela ningeipata kesho. Bibi alipokuja, alikuja mtu.”

Hata hivyo tusimfanye mwenye boti kuwa mkorofi wala kijiji kuwa kimegoma. Ilikuwa katikati ya kufungwa kwa ziwa. Injini hazikuwa zimewashwa kwa wiki nyingi, petroli haikuwepo ya kutosha, na kupita ziwani usiku na injini wakati ule kulihitaji kujieleza kwa doria. “Injini mbovu” ilikuwa na ukweli wake nusu. Bibi alichokifanya ni kuugeuza ugumu huo ukawa wa watu wengi: injini kwa huyu, petroli kwa yule, mabega kwa vijana. Fedha ya mkunga, hata ingekuwa mara mbili, ingemfikia mtu mmoja tu.

Kwenye zawadi, sheria haikuwa tatizo. Wapo watumishi wanaojitetea kwa kusema maadili ya kazi na desturi za watu haviwezi kukaa pamoja, kisha wanapokea kila kitu au wanakataa kila kitu. Hapa mstari ulichorwa kwenye uzio, na waliouchora ni wenye kijiji. Kingine kilichosaidia ni kwamba uliandikwa. Makubaliano ya mdomo yangetosha kijijini. Kwa mkaguzi yasingetosha. Anayefanya kazi sehemu kama hii ana wakubwa wawili, na kila mmoja anataka ushahidi wa aina yake.

Lililoshindikana ni yule bwana. Kamati ilibadilisha utaratibu, ila hakuna aliyekwenda nyumbani kwake. Mkunga alidhani tangazo la mkutanoni limemjumuisha. Halikumjumuisha, kwa sababu yeye aliaibishwa peke yake, barazani, akiwa amelowa. Bibi alijitolea kwenda naye, mkunga akaahirisha kwa haya, mpaka ikawa imepita. Aibu ya hadharani hairekebishwi kwa tangazo. Inataka miguu, mtu mzima wa kuongozana naye, na mapema.

Jambo la historia nalo lisipuuzwe. Wazee wa mwambao huu wamewaona maofisa wengi. Miaka ya 1970 watu walihamishiwa vijiji vya Ujamaa. Gombe ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968 na Mahale mwaka 1985, na familia zilizokuwa na makaburi huko hazikai tena huko. Walioleta habari hizo walikuwa watu wa salamu nzuri na karatasi safi. Mtumishi mwenye adabu asiyetaka kitu kwa watu anaanzia kwenye foleni hiyo, apende asipende.

Nimeliacha kwa makusudi hadi mwisho lile ambalo mkunga mwenyewe hakuliona hadi nilipomwuliza kuhusu kitongoji cha juu. Huko wanakaa waliofika karibuni, wengi wao Wabembe waliovuka kutoka Kongo, vibarua wa kuanika dagaa wasio na kipe wala shamba la michikichi. Sahani zao hazijawahi kufika nyumba ya zahanati. Hawana cha kuweka juu yake, na mzunguko wa sahani ni wa wenye nacho, hata kama ni kidogo. Bibi ni wa ukoo wa chini. Kadiri mkunga alivyoingia uani kwa Bibi ndivyo watu wa juu walivyoona zahanati imekuwa ya wenzao, na ukurasa wa waliojifungua unaonyesha hivyo: kutoka kwao, majina machache mno. Kuwaheshimu wenyeji kuligeuka kuwa kuwaheshimu wenyeji wenye sauti. Sidhani angeweza kuanza kwingine, maana mtu huanza kwa jirani yake. Lakini alipokwisha kupokewa ndipo alipaswa kuuliza ni nani hajawahi kumletea kitu, na kwa nini.

Wakati naandika, kamati imekubali kliniki ya mkoba, inayowafuata watu walipo, ipande kitongoji cha juu mara moja kwa mwezi, na mwanamke mmoja wa huko ameingizwa kwenye kamati. Bibi alipinga jina lake kwenye kikao cha kwanza. Kwenye kikao cha pili hakuhudhuria, na jina likapita.